Ndege Akiita, Itikeni: Wosia kwa Wajukuu Zangu

Wajukuu zangu wapenzi,

Nawasalimu nyote, mlio Tabora mjini, mlio Dar es Salaam, na wewe uliye chuoni Morogoro. Naandika nikiwa na akili timamu. Nimetimiza miaka 78. Mkono bado unashika kalamu, lakini sikio la kushoto limekwisha kuziba, na la kulia naona linaelekea huko huko. Ndiyo maana nimeona niseme nanyi habari ya kusikia, ningali nasikia.

Mambo ya nyumba na shamba baba zenu wanayajua, na karatasi zake ziko katika sanduku la bati chini ya kitanda. Wosia huu ni wa kitu kisichopimwa kwa hatua wala kugawanywa kwa kamba. Nilipewa bure na baba yangu, nikakionea haya mbele za watu, nikakaribia kukipoteza. Sitaki nanyi mkionee haya.

Baba yangu, ambaye hakuna kati yenu aliyemwona, alikuwa mrina asali. Masika yakiisha na nyasi zikianza kukauka, alichukua shoka, kamba na moto wake, akaingia miomboni, nami nyuma yake. Hakuwa akitangatanga. Alisimama mahali, akapiga mluzi mmoja mrefu unaopanda mwishoni, akagonga shina la mti kwa mgongo wa shoka, kisha akangoja. Mara nyingine tulingoja mpaka nikachoka. Mara nyingine, kabla hajarudia mluzi, tulisikia juu yetu sauti kama ya kiberiti kinachotikiswa karibu na sikio. Huyo ndiye ndege wa asali, ambaye wengine humwita mlembe. Ni mdogo, wa rangi ya majivu, si wa kutazamwa na mgeni mara mbili. Akiruka huonyesha manyoya meupe ya pembeni mwa mkia, ili usimpoteze. Huruka, hutua, huita, hungoja umfikie, kisha huruka tena. Baba alimjibu njia nzima kwa mluzi na kwa maneno, kama mtu anayezungumza na jirani aliyetangulia mbele kidogo njiani.

Tukifika kwenye mti wenye nyuki, sauti ya ndege ilibadilika. Alipunguza kelele, akaita kwa upole na kwa vituo virefu, kisha akanyamaza kabisa, akatulia tawini. Hapo baba alijua tumefika. Alipandisha moshi, akapanua tundu kwa shoka, akatoa masega. Kabla hajalamba hata kidole chake, alikata kipande cha sega chenye nta na mabuu, akakiweka juu ya jani mahali peupe. “Mkono mtupu haulambwi,” alikuwa akiniambia. Nilidhani methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya ndege yule.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye doa langu. Mwaka 1974 nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka chuo cha ualimu, nafundisha sayansi darasa la sita. Siku hiyo somo lilikuwa wanyama. Nikaandika ubaoni kwamba binadamu pekee ndiye mwenye mazungumzo, na wanyama hulia tu kwa njaa, maumivu au hofu. Mvulana mmoja akanyosha mkono. Baba yake naye alikuwa mrina asali. Akasema, “Mwalimu, mlembe husema na watu, na watu humjibu.” Darasa likacheka. Nami, badala ya kulinyamazisha darasa, nilimnyamazisha yeye. Nikamwambia ule ni ushirikina wa porini, nikamsimamisha mbele ya wenzake mpaka kengele ilipolia.

Wajukuu zangu, nilijua anasema kweli. Nilikuwa nimemfuata ndege yule yule nyuma ya baba yangu mara zisizo na idadi. Lakini kitabu nilichokuwa nacho hakikuwa na habari hiyo, nami niliogopa kuonekana mshamba. Nikakubali kitabu kilichokosa ukurasa kinishinde mimi niliyeona kwa macho yangu. Mvulana yule alimaliza darasa la saba, akarudi msituni kurina asali kama baba yake. Hakunyosha mkono tena katika darasa langu.

Mwaka 1992 afisa mmoja wa nyuki alilala kwetu akiwa safarini. Tulipokuwa tunaongea jioni nikamtajia ndege wa baba. Akafungua mkoba wake, akanipa nakala ya makala ya kisayansi iliyochapishwa mwaka 1989. Waandishi walikuwa Hussein Isack, mtafiti Mkenya, na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer. Kwa miaka mitatu walikuwa wamefuatana na Waborana wa kaskazini mwa Kenya wanaorina asali. Waborana hawapigi mluzi kama wa baba. Wao hupuliza katika ngumi mbili zilizofumbatwa, au katika gamba la konokono, au katika kokwa la mkoche lililotobolewa, na sauti yake husikika zaidi ya kilomita moja. Watafiti walipima kwa saa na kwa ramani. Katika eneo asilolizoea, mtu anayetafuta nyuki bila ndege alitumia wastani wa saa 8.9 kupata mzinga mmoja. Akiwa na ndege alitumia saa 3.2. Walithibitisha pia yale Waborana waliyokuwa wakiyasema siku zote: namna ndege anavyoruka na kutua inaonyesha upande wa kwenda, inaonyesha umbali uliobaki, na sauti yake ikibadilika mmefika. Ndege naye ana haja na binadamu. Katika mizinga waliyoikagua, 96 katika kila 100 ndege asingeweza kuifikia nta yake mpaka mtu aje na moto na chombo cha kupasulia.

Niliisoma makala ile usiku kucha kwa taa ya chemli. Asubuhi nikatembea mpaka kwa yule mwanafunzi wangu, ambaye sasa alikuwa mtu mzima mwenye watoto. Nikamwomba radhi mbele ya mkewe. Nikamsomea makala nzima, nikitafsiri sentensi moja moja. Hakunilaumu, wala hakufurahi kwa sauti. Alikaa kimya akichora chini kwa kijiti, kisha akaniuliza swali moja: “Mwalimu, hao wa Kenya wanapuliza ngumi. Mimi napiga mluzi. Je, nikienda huko na mluzi wangu, ndege wa huko atanielewa?”

Sikuwa na jibu. Lakini nilitambua papo hapo kwamba swali lile lilikuwa bora kuliko yote niliyowahi kuulizwa darasani, na kwamba lingeulizwa mwaka 1974 kama nisingelifunga mdomo wake. Kutoka siku hiyo nilianza kukusanya kila andiko nililolipata juu ya namna wanyama wanavyopashana habari. Niliyojifunza nimeyafunga katika mafungu manne. Ndiyo wosia wangu.

La kwanza: sikilizeni kabla ya kusema kwamba hakuna linalosemwa.

Nilipokuwa mdogo, mama aliniweka shambani kulinda mahindi yasiliwe na tumbili. Sikuwa na kazi nyingine ila kuwatazama, na bado sikusikia kitu. Kwangu zilikuwa kelele. Mwaka 1967 mtafiti Thomas Struhsaker alitoa maelezo ya milio ya tumbili wa Amboseli, upande wa Kenya chini ya Mlima Kilimanjaro. Alisema kwamba mlio wa kumwona chui si mlio wa kumwona tai, wala si wa kumwona nyoka. Miaka kumi baadaye Robert Seyfarth na Dorothy Cheney walikwenda Amboseli, wakanasa milio hiyo, wakaficha spika vichakani, wakaicheza wakati ambapo hapakuwa na adui yeyote. Mlio wa chui ulipotoka, tumbili walikimbilia juu ya miti. Mlio wa tai ulipotoka, walitazama juu na kujitupa vichakani. Mlio wa chatu ulipotoka, walisimama kwa miguu ya nyuma wakichungulia nyasini. Hawakuona adui, walisikia habari yake, na habari ikawatosha. Matokeo hayo, waliyoyatoa mwaka 1980 pamoja na Peter Marler, yaliwafanya wataalamu duniani wafute mengi yaliyokuwa yameandikwa ubaoni, pamoja na yale niliyoyaandika mimi.

Jaribio lao jingine ndilo linalonigusa zaidi. Walinasa kilio cha mtoto wa tumbili, wakakicheza karibu na majike watatu, mmoja wao akiwa mama wa mtoto huyo. Mama alitazama ilikotoka sauti. Wale wawili wakamtazama mama. Mlio mmoja ulitosha kuwajulisha kwamba ni mtoto wa nani anayelia. Nilipolisoma nilikumbuka uani kwetu: mtoto akilia nje, wanawake wote hugeuka kumtazama mwenye mtoto kabla hajainuka.

La pili: pimeni, msidanganywe na mapenzi yenu.

Nawajua ninyi. Mkishapenda kitu, mnakipa sifa zote. Mtasikia hadithi kwamba mbwa fulani anajua kusoma na kasuku fulani anatabiri. Pale Berlin, mwanzoni mwa karne ya 20, palikuwa na farasi aliyeitwa Hans. Mwenye kumfuga, Wilhelm von Osten, alimuuliza hesabu, naye alijibu kwa kugonga ukwato. Watu wazima wenye elimu walithibitisha kwamba hakuna ujanja. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alimpima kwa subira. Akagundua kwamba muulizaji asipojua jibu, Hans naye halijui. Farasi hakuwa akijumlisha. Alikuwa akisoma mtikisiko mdogo wa kichwa na mwili wa muulizaji, ambao muulizaji mwenyewe hakujua kwamba anautoa. Hans hakuwa mwongo, wala bwana wake. Na hata hivyo Pfungst alimwona Hans kuwa wa ajabu kwa namna nyingine: macho yake yalisoma mwili wa binadamu kuliko binadamu wenyewe walivyousoma. Mwenye kupima kwa haki haondoki mikono mitupu.

Tumbili wa Amboseli nao wana mipaka yao. Chui hupandisha mzoga mtini, na sisi sote tukiuona mzoga juu ya tawi tunajua chui yuko karibu. Cheney na Seyfarth waliweka sanamu ya swala mtini, na tumbili hawakushtuka. Walionyeshwa mburuzo wa chatu mchangani, wakaupita. Wanajua maana ya sauti ya mwenzao, lakini alama iliyoachwa na adui haiwaambii kitu. Andikeni hilo pia katika madaftari yenu. Anayempenda mnyama kweli humwacha awe alivyo, hamvalishi kanzu ya mtu.

Upimaji wa kweli unaweza kumpa mnyama heshima kubwa kuliko hadithi. Mwaka 1984 Katy Payne alisimama karibu na tembo katika bustani ya wanyama ya Portland, Marekani, akahisi hewa inatetema kifuani bila kusikia sauti. Akakumbuka utoto wake, alipokuwa akiimba kwaya kanisani kando ya bomba kubwa la kinanda linalotoa sauti nzito mno. Aliporudi na vyombo, yeye na wenzake wakathibitisha kwamba tembo huzungumza kwa ngurumo zilizo chini ya uwezo wa sikio letu, na ngurumo hizo husafiri kilomita kadhaa. Watu wameishi na tembo tangu enzi na enzi, na sehemu kubwa ya maneno yao ilikuwa ikipita miguuni mwetu.

Mwaka 2024 Michael Pardo na wenzake walitoa matokeo ya ngurumo 469 za tembo wa Amboseli na Samburu, zilizonaswa kati ya mwaka 1986 na 2022. Kompyuta iliweza kukisia ngurumo fulani imeelekezwa kwa nani, mara nyingi zaidi kuliko bahati nasibu ingeruhusu. Kisha wakawachezea tembo 17 ngurumo zilizowalenga wao, na ngurumo zilizomlenga mwingine zilizotoka kwa mpigaji yule yule. Waliitikia upesi zaidi na kuisogelea sauti iliyokuwa yao. Inaelekea tembo huitana kwa kitu kinachofanana na jina. Tazameni jinsi wataalamu wenyewe walivyosema: inaelekea. Hawajafaulu kutenga ni kipande gani cha ngurumo kilicho jina lenyewe. Mtu akiwaambia habari za wanyama bila hata neno moja la namna hiyo, mwulizeni alipimaje.

La tatu: usemi hufundishwa, na mwalimu akiondolewa haurudi wenyewe.

Hapa mtasema babu anajitetea. Semeni, lakini someni kwanza.

Mtoto wa tumbili huzaliwa na milio kinywani, ila hajui kuitumia. Hupiga ukelele wa tai kwa kila kinachopita juu, hata kwa ndege wasio na madhara, hata kwa jani linaloanguka. Wakubwa hutazama juu. Kama si kitu, hunyamaza. Siku ukelele wake ukimwangukia tai wa kweli, wakubwa nao hupaza sauti. Kwa kunyamaza kwao na kwa kuitikia kwao, mtoto hujifunza. Akisikia ukelele, mdogo hutazama kwanza wakubwa wanafanya nini. Akifika miezi sita au saba hufanya kama wao.

Nyuki nao, ambao baba aliwaondoa mizingani maisha yake yote bila kuona wanachofanya gizani, wanaelekezana kwa kucheza. Karl von Frisch ndiye aliyewatia alama za rangi mgongoni, akawawekea mzinga wa kioo, akawatazama miaka mingi, mpaka akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Nyuki aliyepata maua hurudi akakimbia juu ya sega huku akitikisa tumbo. Pembe ya mwendo wake ikilinganishwa na mstari wa wima ndiyo pembe ya njia ikilinganishwa na jua, na muda wa kutikisa ndio umbali. Kwa muda mrefu wengi waliamini kwamba ngoma hiyo nyuki huzaliwa nayo yote. Mwaka 2023 watafiti wa China na Marekani walitengeneza makundi ya nyuki vijana watupu, wasio na mkongwe hata mmoja wa kumfuata. Walipoanza kucheza, walikosea upande na umbali. Kwa kadiri walivyozoea, kosa la upande lilipungua. Kosa la umbali likabaki nao mpaka mwisho wa maisha yao. Hawakuwa wapumbavu. Walikosa tu mtu wa kumtazama siku za mwanzo.

Kwa tembo ndiko nilikolia. Karen McComb na wenzake walionyesha huko Amboseli kwamba kundi linaloongozwa na jike mzee hutofautisha vizuri zaidi sauti ya rafiki na ya mgeni. Mwaka 2014 walichapisha jaribio jingine: waliwachezea tembo sauti za wanaume wa Kimaasai na wa Kikamba, wote wakisema maneno yale yale, kila mmoja kwa lugha yake. Tembo walijihami zaidi waliposikia Kimaasai, kwa kuwa ni wafugaji hao wanaogombana nao kwa mikuki penye malisho na maji. Sauti za wanawake wa Kimaasai na za watoto wao hazikuwatisha sana. Tembo wametujua kwa lugha, kwa jinsia na kwa umri.

Sasa sikieni na hili. Huko Afrika Kusini, tembo wa Hifadhi ya Kruger walipunguzwa kwa kupigwa risasi. Wakubwa waliuawa, watoto wakahamishiwa kwingine, wengine Pilanesberg. Miongo ikapita, watoto wale wakakua, wakazaa, wakanenepa, na mtu akiwatazama angesema wamepona. Mwaka 2013 Graeme Shannon, McComb na wenzao walitoa matokeo ya kuwachezea milio ya tembo wenzao, ya wanaowajua na ya wageni, kama walivyochezewa wa Amboseli. Tembo wa Pilanesberg hawakuonyesha utambuzi ule. Hawakutofautisha ipasavyo ni sauti ipi ya rafiki na ipi ya mgeni. Miili ilikuwa imerithi pembe na masikio, lakini elimu ya kuyatumia ilizikwa pamoja na bibi zao.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nanyi mmeisikia methali hiyo mpaka mmeichoka. Naomba muisikie upande wa pili. Mkuu asiposema, guu la mtoto huvunjika vilevile, na deni ni la mkuu. Mimi nilikuwa na la kusema mwaka 1974, nikalificha. Ndiyo maana naandika.

La nne, na ndilo nililotaka kufikia tangu mwanzo: mkiitwa, itikeni.

Lile swali la mwanafunzi wangu lilikaa nami zaidi ya miaka 30. Mwaka 2016 Claire Spottiswoode na wenzake walitoa habari za Wayao wa Niassa, kaskazini mwa Msumbiji. Wao huita ndege wa asali kwa mtetemo wa ulimi unaomalizika kwa mguno, “brrr-hm”. Walipima: mtu akitembea msituni akitoa sauti hiyo, nafasi ya kuonyeshwa nyuki ilikuwa 54 katika 100. Akitoa sauti nyingine, ilikuwa takribani 16. Kisha mwaka 2023 Spottiswoode na Brian Wood wakalipima swali lenyewe. Walichukua sauti ya Wayao na mluzi wa Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, hapa hapa kwetu Tanzania, wakazicheza pande zote mbili. Ndege wa Uhadzabeni waliitikia mluzi wa Wahadzabe zaidi ya mara tatu kuliko walivyoitikia sauti ya Wayao. Ndege wa Niassa waliitikia sauti ya Wayao karibu mara mbili kuliko mluzi wa Wahadzabe. Kila ndege anajua lugha ya watu wa kwake.

Mwanafunzi wangu alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki. Nilichukua karatasi, nikaenda kwa mwanawe mkubwa, nikamsomea jibu la baba yake: asingeeleweka vizuri huko ugenini, mluzi wake ulikuwa wa hapa. Kijana alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanambia kwamba yeye hajui kuupiga. Yeye hununua asali dukani.

Sasa fikirini pamoja nami. Ndege wa asali halelewi na wazazi wake. Mama yake hutaga katika kiota cha ndege wa aina nyingine, akaenda zake. Kinda huanguliwa kipofu kati ya wageni, hulishwa na wageni, na huruka bila kumjua baba wala mama. Tumbili ana wakubwa wa kumtazama, nyuki ana wakongwe wa kuwafuata, tembo ana bibi. Ndege huyu, kwa upande wa sauti za binadamu, hana mzee wa kumfundisha. Maana ya mluzi wa miombo hii huijua kwa kukutana na wanaoupiga, akiongoza na kulipwa, akiongoza na kulipwa. Ninyi ndio wazee wake. Penye watu walioacha kurina asali ya msituni, ndege naye huacha kuongoza. Huita mara kadhaa, haitikiwi, akatafuta nta yake kwa njia nyingine. Mazungumzo yaliyojengwa kwa vizazi visivyohesabika hufa bila msiba, kwa sababu upande mmoja ulikuwa na shughuli nyingine.

Sisemi wote humlipa kama baba alivyomlipa. Wahadzabe, kwa mfano, mara nyingine huyachoma au huyafukia masega ili ndege abaki na njaa na aendelee kuwaongoza. Kila watu na mapatano yao. Kilicho sawa kila mahali ni kwamba ndege huita na mtu hujibu.

Basi haya ndiyo ninayowaachia. Darubini yangu na madaftari 14 ni ya huyo aliye Morogoro. Ndani mna tarehe, saa na mahali nilipomsikia ndege kila msimu tangu mwaka 1992, na miaka ya mwisho utaona kurasa zimepungua. Nieleze kwa nini: ni masikio yangu, ni ndege, au ni watu? Hilo ndilo jaribio lako. Mizinga ya magogo iliyo kwenye mininga ya ng'ambo ya mto ni ya wote, msiiuze. Shoka la baba apewe mkubwa wenu.

Na mluzi ni wa kila mmoja. Siwezi kuuandika kwa herufi. Nimejaribu na karatasi imekataa. Njooni likizo ya Juni, wote, mje pia na watoto wa yule mwanafunzi wangu. Nitawapeleka mpaka pale penye mti wa baba, niupige mara tatu, nanyi muupige mpaka nitosheke. Ndege akija sitamsikia labda, lakini nitaona nyuso zenu zikigeukia juu, nami nitajua ameitika. Siku hiyo msinishike mkono kunirudisha nyumbani. Mfuateni yeye. Na mkifika, wekeni kipande cha sega mahali peupe kabla hamjalamba vidole.

Mwenyezi Mungu awalinde, awape masikio yanayosikia na vinywa visivyoona haya kusema kweli.

Mimi babu yenu.